Msumeno wa Utepe: Namna ya Kuusimamisha na Kuujaribu kwa Salama

Katika vijiji vingi vilivyofikiwa na nguzo za umeme, mafundi seremala wameanza kununua mitambo ya kazi yao, na mmoja katika mitambo hiyo ni msumeno wa utepe. Ni mtambo wenye faida kubwa, tena hauna kelele nyingi, na pengine ndiyo sababu watu huudharau. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hatua kwa hatua, jinsi ya kuusimamisha mtambo huu ukiwa mpya, na jinsi ya kuujaribu kabla haujapewa kazi. Somo letu lote ni neno moja: kila jambo la mtambo huu lithibitishwe kwanza kwa mkono, pole pole, ndipo lipewe nguvu ya umeme. Fundi atakayelishika neno hili atajikinga na ajali nyingi zinazowaondolea wenzake vidole.

MTAMBO WENYEWE ULIVYO

Utepe wa msumeno ni ukanda mwembamba wa chuma cha pua, wenye meno upande mmoja. Ncha zake mbili zimeungwa pamoja hata ukawa duara isiyo mwanzo wala mwisho. Utepe huu huvikwa juu ya magurudumu mawili, moja juu na moja chini, mfano wa ukanda wa cherehani ya miguu. Gurudumu la chini huzungushwa na mota. La juu hufuata tu, lakini lina kazi mbili: hupandishwa ili kuukaza utepe, na huinamishwa kidogo mbele au nyuma ili kuuongoza utepe upite mahali pake. Ukingo wa kila gurudumu umevikwa mpira. Kati ya magurudumu hayo pana meza ya chuma yenye tundu, na utepe hupita katika tundu hilo, ukishuka chini daima.

Jambo hili la kushuka daima lina maana kubwa. Wazee waliopasua mbao kwa shimo walijua taabu yake: mtu mmoja alisimama juu ya gogo na mwenzake ndani ya shimo, na msumeno ukapanda na kushuka kutwa. Uliposhuka ulikata, ulipopanda haukukata, bali ulichosha mikono tu. Msumeno wa utepe hauna safari ya bure namna hiyo. Tena kwa kuwa hushuka, huukandamiza ubao juu ya meza, wala haumrushii mtu ubao kifuani kama uwezavyo kufanya msumeno wa duara.

Fikira ya mtambo huu ni ya zamani. Mwingereza mmoja, William Newberry, alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1809. Lakini kwa miaka mingi haukufaa sana, kwa sababu utepe ulikatika mara kwa mara pale ulipoungwa. Mwaka 1846 bibi mmoja wa Kifaransa aitwaye Crepin alipata hati kwa njia yake ya kuunga ncha za utepe, ndipo mtambo ukaanza kuaminika. Twaitaja habari hii kwa kuwa ina fundisho hata leo: udhaifu wa utepe u katika kiungo chake, na hapo ndipo jicho la fundi litazame kwanza.

HESABU MBILI KWA WALIMU

Faida ya utepe ni wembamba wake. Tuseme tuna gogo lililochongwa likawa mraba wa sentimeta 30, nasi twataka mbao zenye unene wa milimeta 25. Msumeno wa duara ukiwa na njia ya milimeta 6, tutapata mbao 9. Msumeno wa utepe wenye njia ya milimeta 2 utatupa mbao 11. Mbao mbili hizo hazikutoka mahali pengine, ila zimeokolewa katika unga uliokuwa ukimwagika chini. Mwalimu awaache wanafunzi waitafute hesabu hii wenyewe, wakikumbuka kwamba mbao 11 zahitaji njia 10 kati yake.

Hesabu ya pili ni ya hatari. Gurudumu lenye upana wa sentimeta 35 lina mzunguko wa mita 1.1. Likizunguka mara 800 kwa dakika, utepe huenda mita 880 katika dakika hiyo, yaani karibu kilometa 53 kwa saa, ambao ni mwendo wa gari barabarani. Na kama utepe una meno 4 katika kila inchi, basi meno zaidi ya 2,000 hupita mbele ya kidole katika sekunde moja. Hapana mtu awezaye kuuondoa mkono wake upesi kuliko hayo. Kwa hiyo usalama hauwezi kutegemea wepesi wa fundi. Sharti uwe umewekwa tayari kabla ya swichi kuguswa.

MAHALI PA KUUSIMAMISHA

Mtambo usimame juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, nao ufungwe kwa bolti usitikisike. Tumia pima maji juu ya meza, kwa urefu na kwa upana. Mbele na nyuma ya mtambo pawe na nafasi ya kutosha ubao mrefu kuliko zote utakaokatwa, uingie na utoke bila kugonga ukuta. Mahali hapo pasiwe njia ya watu, wala wapitaji wasipite ubavuni mwa mtambo, kwa maana utepe ukikatika waweza kuruka upande. Mwanga uwe mwingi, wala kivuli cha fundi kisiangukie meno.

Mtambo mpya huja umepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu. Futa mafuta hayo mezani kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mbali na moto na mbali na mtu avutaye sigara. Usiguse mipira ya magurudumu kwa kitambaa hicho, kwa maana mafuta huiharibu. Kisha hesabu vipande vyote, ukivilinganisha na kitabu kilichokuja na mtambo. Kitabu hicho kisitupwe pamoja na sanduku. Palipo na tofauti kati ya maneno yetu na maneno ya kitabu hicho, kifuateni kitabu, kwa kuwa mtengenezaji aujua mtambo wake kuliko sisi.

Mintarafu ya umeme, hii si kazi ya kubahatisha. Fundi wa umeme mwenye idhini asome kibao kilichopigwa juu ya mota, aone kwamba nguvu yake yalingana na umeme wa nyumba. Waya wa ardhini uungwe, na swichi ya kuzimia iwe mahali ambapo mkono waifikia bila kupita karibu na utepe. Mota ya njia tatu za umeme ikiungwa kinyume huzunguka kinyume, na utepe hupanda badala ya kushuka, ukauinua ubao mezani na mkono pamoja nao. Kosa hilo hutengenezwa na fundi wa umeme kwa kubadilisha nyaya mbili katika zile tatu, baada ya kukata umeme.

KUVIKA UTEPE

Kabla ya kuufungua mlango wowote wa mtambo, toa plagi ukutani. Kama umeme umeungwa moja kwa moja, zima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule atiaye mkono mtamboni, wala si mfukoni mwa mtu mwingine. Amri hii irudiwe kila mara, hata kwa kazi ya dakika moja.

Utepe mpya huja umekunjwa mara tatu na kufungwa kwa waya. Uogopeni wakati huu, kwa maana una nguvu kama mtego: ukikatwa waya wake hufunguka ghafula na kupiga uso. Vaa miwani ya kinga na mifuko ya mikono ya ngozi, unyoshe mikono yako mbali na uso, uwaambie watu warudi nyuma, ndipo uufungue. Kisha upitishe polepole mbele ya macho yako, uangalie kiungo chake na kila jino. Utepe wenye kiungo kilichopinda, au wenye ufa mdogo wowote, usivikwe.

Sasa legeza gurudumu la juu. Rudisha nyuma vishikizi vyote vya utepe, vile vya juu ya meza na vile vya chini yake, visiuguse utepe hata kidogo. Vika utepe juu ya magurudumu mawili, uuangalie pale upitapo mezani: ncha za meno zielekee mbele, upande wa fundi, na zielekee chini. Pengine mtu huuvika mara tatu na meno yangali yakitazama juu. Asidhani amepewa utepe mbovu. Auvue na kuugeuza ndani nje, kama ageuzavyo mtu shati, naye ataona meno yametazama chini.

KUKAZA NA KUONGOZA

Kaza utepe kidogo tu kwanza. Kisha zungusha gurudumu la juu kwa mkono wako, ukilishika penye mikono yake, mbali na meno. Uangalie utepe: waenda mbele, au warudi nyuma, au wakaa katikati ya mpira? Ukienda mbele au nyuma, zungusha parafujo ya kuinamisha gurudumu, robo mzunguko kwa mara moja, kisha zungusha gurudumu tena. Endelea hivyo mpaka utepe ukae mahali pake. Kwa mitambo midogo mahali pake ni katikati ya mpira. Mitambo mingine yenye tepe pana hutaka meno yatokeze kidogo ukingoni, na kitabu chake kitasema.

Ndipo ukaze zaidi, mpaka alama ionyeshayo upana wa utepe wako. Lakini alama hizo si za kuaminiwa peke yake. Pandisha kishikizi cha juu sentimeta 15 hivi juu ya meza, ukaubonyeze utepe ubavuni kwa kidole, kwa nguvu ya kiasi. Ukisogea zaidi ya milimeta 6 hivi, bado umelegea. Usiposogea kabisa, umekazwa mno na waweza kukatika. Kisha zungusha gurudumu tena kwa mkono, mara 20 au zaidi, kwa maana kukaza huweza kuuhamisha utepe. Ukikaa mahali pake mizunguko yote hiyo, funga nati ya kuzuia parafujo isilegee.

MEZA NA VISHIKIZI

Weka kiguni juu ya meza, ukikisogeze mpaka kiguse ubavu wa utepe, kati ya jino na jino. Mwanga usionekane kati ya kiguni na utepe. Ukionekana, legeza meza, uirekebishe, uifunge tena.

Vishikizi ni vile vipande viwili viuzuiavyo utepe usiyumbe kulia na kushoto. Nyuma yake pana kigurudumu kidogo kiuzuiacho usisukumwe nyuma. Vishikizi vya ubavuni visogezwe mpaka pawe na nafasi ya unene wa karatasi moja tu kila upande. Tena viwe nyuma ya mabonde ya meno, kwa maana meno yakiuma kishikizi huharibika mara moja. Kigurudumu cha nyuma kiwe mbali na mgongo wa utepe kwa nusu milimeta hivi. Kipimo chake cha kweli ni hiki: msumeno ukienda bure, kigurudumu kisizunguke, ubao ukisukumwa, kizunguke. Fanya hivyo kwa vishikizi vya juu na vya chini. Vile vya chini husahauliwa kwa kuwa havionekani, na huko ndiko taabu nyingi hutoka.

KUUJARIBU BILA UBAO

Wakati wa kujaribu umefika, na hapa ndipo haraka huwashinda watu. Fundi asimame na kutazama kwa macho yake, akitaja kwa sauti: spana na bisibisi zimetoka mezani; milango ya juu na ya chini imefungwa; kishikizi na kinga yake vimeshushwa mpaka karibu na meza; parafujo zote zimekazwa; watu wamesimama mbali, wala hapana aliyesimama ubavuni. Tena azungushe gurudumu mara moja ya mwisho kwa mkono kabla ya kufunga mlango wa juu, asikie kwamba hapana kitu kinachogusa.

Ndipo plagi itiwe. Washa, na mara hiyo hiyo zima. Utazame utepe ukishuka, usikilize. Kama utepe wapanda, usiwashe tena mpaka fundi wa umeme afike. Kama washuka vema, washa tena kwa sekunde chache, kisha zima. Mara ya tatu uache uende dakika tano, nawe usimame mbele kwa upande kidogo, mkono karibu na swichi.

Sikio hufanya kazi kubwa hapa. Mlio wa sawasawa ni mzuri. Ukisikia mgongo mdogo unaorudi rudi kwa kipimo, tik, tik, tik, zima mara moja, uache magurudumu yasimame yenyewe. Sauti hiyo hutoka mara nyingi kwa kiungo kilichoungwa vibaya au kwa utepe wenye ufa. Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa utepe mtu hawezi kuuziba kwa kubahatisha, nao utepe huo hutolewa mtamboni siku hiyo hiyo. Mtetemo mkubwa nao ni neno la mtambo: labda sakafu si sawa, labda bolti imelegea, labda mpira wa gurudumu umeshika uchafu.

Tena jueni kwamba mtambo uliozimwa haujasimama. Magurudumu huendelea kuzunguka kwa muda, na sauti ikiwa ndogo watu hudhani kazi imekwisha. Usifungue mlango, usichukue kipande cha mti mezani, wala usiuzuie utepe kwa ubao, mpaka umeuona umetulia kabisa.

KUUJARIBU KWA UBAO

Ubao wa kwanza uwe mlaini, mkavu, ulionyoka na usio na fundo, kama ubao wa msonobari. Shusha kishikizi cha juu na kinga yake mpaka pabaki nafasi ya milimeta 5 hivi juu ya ubao. Sehemu ya utepe iliyo wazi ndiyo iwezayo kukata kidole, kwa hiyo na iwe fupi iwezekanavyo. Sukuma ubao kwa mwendo wa taratibu, vidole vikae mbali na utepe kwa upana wa kiganja, wala visiwe mbele ya meno katika mstari wake. Mwisho wa ubao ukikaribia, tumia kijiti cha kusukumia. Kijiti kikiumwa na meno, utachonga kingine kesho, kidole hakichongwi.

Sasa jaribu unyofu wa meza kwa njia hii ya mafundi. Chukua kipande cha mti chenye pande zilizopigwa randa vizuri, ukikate kidogo tu, kisha ukirudishe na kuzima mtambo. Utepe ukisimama, kizungushe kipande hicho juu ya meza ile ile, bila kukipindua, ukipeleke nyuma ya utepe na kuingiza njia ile katika mgongo wake. Ikiingia bila kugusa, meza imesimama sawa na utepe. Isipoingia, rudi kwa kiguni.

Jaribio la pili: piga mstari ulionyoka juu ya ubao, uufuate kwa mkono mitupu bila reli ya kuongozea. Huenda ukaona kwamba ili kuufuata mstari imekulazimu kuupeleka ubao mshazari kidogo. Tepe nyingi zina tabia hiyo, nayo si ubaya mkubwa. Igeuze reli yako ilingane na mshazari huo, nao ubao utapita bila kuusukuma utepe upande.

Katika majaribio haya yako makosa manne ya kuepukwa. La kwanza, kukata mti wa mviringo bila kuulaza katika kitanda kilichochongwa kama herufi V, kwa maana meno huushika na kuuviringisha pamoja na mkono. La pili, kuurudisha nyuma ubao katika njia ndefu mtambo ukiwa unakwenda. Utepe huweza kuvutwa ukatoka juu ya magurudumu. Zima kwanza, ungoje, ndipo urudishe. La tatu, kukata duara ndogo kwa utepe mpana. Utepe wa milimeta 6 waweza kuzunguka duara ndogo, lakini wa milimeta 12 wahitaji duara kubwa zaidi, nao ukilazimishwa hujipinda na kukatika. La nne, kutumia meno yasiyolingana na unene wa ubao. Daima meno matatu au zaidi yawe ndani ya mti kwa wakati mmoja. Basi ubao mwembamba wahitaji meno mengi madogo, na gogo nene lahitaji meno machache makubwa yenye mabonde ya kubeba unga.

Jihadharini pia na miti yenyewe. Mvule hupendwa na wote, lakini pengine ndani yake mna jiwe gumu lililojifanya lenyewe mti ulipokuwa hai, nalo huvunja meno kwa mara moja. Na mti uliosimama uani au kando ya ua wa waya huweza kumeza msumari na kuufunika kabisa. Uchunguzwe mti wa namna hiyo kabla haujafika mezani.

MAVAZI NA VUMBI

Kanzu, shuka, kanga, mikono mirefu ya shati isiyofungwa, tai, mikufu na pete havina nafasi mbele ya mtambo huu. Nywele ndefu zifungwe. Mifuko ya mikono tuliyoisifu wakati wa kufungua utepe ivuliwe wakati wa kukata, kwa maana jino likishika uzi wa mfuko huuvuta mkono mzima. Miwani ya kinga isivuliwe.

Vumbi la mbao nalo si kitu cha kudharauliwa. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililihesabu katika vitu viletavyo saratani kwa wanadamu, hasa ndani ya pua. Fundi azibe pua na mdomo kwa kinga ifaayo, madirisha yawe wazi, na unga uondolewe kila jioni, kwa kuwa tena hushika moto upesi. Kazi ikiisha, legeza utepe kidogo na kutundika juu ya swichi kibao chenye maneno haya: UTEPE UMELEGEZWA. Hivyo hapana atakayewasha asubuhi bila kuukaza.

NENO KWA MACHIFU NA WAZEE

Mtambo mpya wa chama au wa shule mara nyingi hufika pamoja na sherehe. Watu hukusanyika, watoto husogea mpaka mezani, wageni hungoja, na fundi huambiwa, 'Haya, washa tuone.' Fundi ajua kwamba vishikizi vya chini havijapimwa, lakini aona haya kumwambia mkubwa wake angoje mbele ya watu. Basi huwasha. Fedha za wanachama wote zi katika mtambo ule, na mkono wa kijana mmoja u mbele yake. Utepe ukitoka, vyote viwili vyaweza kupotea kwa dakika moja.

Hapo ndipo mzee aonyeshe ukubwa wake. Amri ya kuwasha isitoke kwake wala kwa mgeni yeyote, bali kwa fundi aliyeupima mtambo. Sherehe na ifanywe baada ya majaribio yote, hata kama ni siku ya pili yake. Tena iwekwe sheria katika karakana kwamba yeyote aliyemo, hata mtoto wa kufagia, akisema, 'Zima!', mtambo uzimwe kwanza na maswali yafuate. Sheria za nchi nazo ziko: katika Tanzania sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, na katika Kenya ya mwaka 2007, zampasa mwenye mahali pa kazi kuweka kinga katika mitambo yake. Lakini sheria haitafika asubuhi kushusha kinga ya utepe. Kazi hiyo ni ya fundi, na kumpa fundi nafasi ya kuifanya ni kazi ya wazee. Mwenda pole hajikwai.

MASWALI

1. Kwa nini meno ya utepe huelekezwa chini pale mezani?
2. Taja mambo matano ya kutazamwa kabla ya plagi kutiwa ukutani.
3. Gurudumu lenye upana wa sentimeta 40 likizunguka mara 700 kwa dakika, utepe wake huenda mita ngapi kwa dakika?
4. Fundi asikia sauti ya tik, tik, tik. Afanye nini kwanza, na asifanye nini?
5. Katika karakana ya kijiji chenu, ni nani mwenye haki ya kusema, 'Zima'?